Tuliomba, Tukaondoka: Kanisa Mbele ya Maonevu ya Wazee, Wajane na Wagonjwa

Jumapili moja, baada ya ibada ya pili, tulitoka watu wanne wa kamati ya kutembelea wazee, tukapita nyumba kwa nyumba hapa Lumumba, mjini Bunia. Nyumba ya tatu ilikuwa ya mama mzee aliyekimbia vita upande wa Djugu na kupokelewa na mjukuu wake. Macho yake hayaoni vizuri tena. Tulimkuta amekaa juu ya mkeka, amejifunika kitenge kimoja. Tulipomwuliza habari, mjukuu alijibu. Tulipouliza kama amekula, mjukuu alijibu tena. Mama mwenyewe alisema neno moja tu: tumwombee Mungu asimwache siku nyingi hapa duniani. Tukadhani ni uchovu wa uzee. Tukaimba, tukaomba, tukaacha sabuni na chumvi, tukaondoka.

Majuma matatu baadaye jirani alikuja kutuambia mengine. Ile sabuni iliuzwa jioni ile ile. Kila asubuhi mlango ulifungwa kwa kufuli kutoka nje, na mama alibaki ndani mpaka mjukuu arudi usiku. Kadi ya msaada iliandikwa jina la mama, lakini pesa zake hakuwahi kuzishika.

Hatuandiki haya ili kuiaibisha nyumba ile. Tunayaandika kwa sababu sisi wanne, watu wa kanisa, wenye Biblia mkononi, tuliona dalili zote na tukazipa jina la uzee. Tuliporudi mara ya pili, dada mmoja anayejua lugha ya nyumbani ya mama alikaa naye peke yake. Mama alimwuliza: «Ile siku mulikuja wanne. Mbona hamukuniuliza mimi?»

Swali hilo ndilo tunaloleta leo mbele ya makanisa yetu ya mashariki. Kila mwaka, tarehe 15 Juni, Umoja wa Mataifa huadhimisha siku ya kukumbusha watu juu ya maonevu ya wazee. Siku hiyo iliamuliwa na Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa mwaka 2011. Kwetu hupita bila tangazo, na huenda tunadhani ni habari ya Ulaya, kwa wale wanaoweka wazazi wao katika nyumba za wazee. Lakini Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba duniani kote mtu 1 kati ya 6 wenye miaka 60 na zaidi hupata aina fulani ya maonevu katika mwaka mmoja, akiwa katika jamii yake. Na kesi nyingi hazifiki popote. Afrika haikutolewa katika hesabu hiyo, wala Ituri.

Tunasema juu ya nani?

Mtoto anajulikana kuwa anahitaji ulinzi. Makanisa yetu mengi sasa yana masomo juu ya haki za mtoto. Mtu mzima ni jambo lingine. Tunasema: yeye ni mkubwa, atajisemea. Lakini kuna watu wazima ambao maisha yao yote yako mikononi mwa mwingine: mzee asiyeweza kutembea, mjane anayeishi katika nyumba ya ndugu za mume, kipofu, kiziwi, mwenye ulemavu wa mwili, mgonjwa wa akili, mgonjwa wa muda mrefu, mkimbizi wa ndani anayelala kwa watu wasio ndugu zake. Kama mtu hawezi kula, kulala, kutibiwa au kutoka nje bila ruhusa ya mtu mwingine, basi huyo ni wa kuangaliwa kwa makini, hata akiwa na miaka 30.

Vita vimeongeza idadi yao. Tangu mwisho wa mwaka 2017, vijiji vya Djugu, kisha Irumu na Mahagi, vimemwaga watu kwa maelfu mengi ndani ya Bunia na pembeni yake, katika kambi kama Kigonze na katika nyumba za watu. Zamani kijijini mzee alikuwa na watoto, wakwe, ndugu wa ukoo na majirani waliomjua tangu utoto. Mtu akimtesa, watu kumi wangesema. Leo yule mzee amebaki na mjukuu mmoja asiye na kazi, katika chumba kimoja cha kupanga, katika mji ambapo hakuna anayejua jina lake. Umaskini pekee haufanyi mtu awe mkatili. Tunajua familia maskini kabisa zinazomtunza nyanya yao kama yai. Lakini umaskini pamoja na upweke na mlango uliofungwa hutengeneza mahali ambapo uovu hauonekani.

Dalili ambazo macho yetu huzipita

Maonevu hayana sura moja. Ya kwanza ni kipigo na kufungwa. Tazama alama za kamba kwenye vifundo vya mikono na miguu, michubuko ya rangi tofauti inayoonyesha kwamba haikutokea siku moja, na maelezo yasiyolingana na kidonda. Mzee huanguka, ni kweli. Lakini anayeanguka mara nne kwa mwezi, na kila mara hadithi inasimuliwa na mtu yule yule, huyo aulizwe.

Ya pili ni kuachwa. Vidonda vya mgongoni na makalioni kwa mtu asiyegeuzwa kitandani. Nguo zenye mkojo wa siku nyingi. Dawa za presha au za sukari zilizonunuliwa na kanisa lakini hazikuguswa. Mtu anayekonda wakati wengine wa nyumba ile hawakondi.

Ya tatu ni mali, na hii ndiyo inayofichwa kwa urahisi zaidi. Mtu mwingine anashika kadi ya msaada, simu na namba ya siri ya M-Pesa au Airtel Money. Shamba au kiwanja kimeuzwa kwa kidole gumba cha mtu asiyejua kusoma. Mjane anafukuzwa nyumbani kabla ya siku arobaini kwisha, ingawa Kanuni ya Familia ya Kongo inampa mume au mke aliyebaki haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyokaa.

Ya nne ni maneno: matusi ya kila siku, vitisho vya kumrudisha kule kwenye vita, kumwita mzigo mbele ya watoto. Ya tano ni ubakaji na matendo ya aibu, ambayo kwa mwanamke mgonjwa wa akili au kiziwi yanaweza kudumu miaka, kwa sababu mtendaji anajua hataaminiwa. Mimba ya msichana asiyeweza kueleza ilivyotokea si fumbo la kuchekwa sokoni. Ni dalili ya kosa la jinai mpaka ithibitike vingine.

Dalili moja inapatikana karibu katika hizo zote, na ni ile tuliyoiona Lumumba: mtu mwingine ndiye anayejibu maswali. Mahali popote ambapo mgeni hawezi kuachwa dakika kumi na mzee peke yake, hapo tujiulize kwa nini.

Majina mazuri tunayoyapa mabaya

Tukisema kwa haki, watu wetu wanaona. Jirani wa yule mama aliona. Shida ni majina. Tunaita «mambo ya nyumbani» na kupita. Tunaita «ugumu wa maisha» na kusamehe. Na kuna jina moja linaloua kuliko yote: uchawi.

Ituri haina haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mwezi wa Juni 2001, katika teritori ya Aru, wakati wa vita na chini ya jeshi la Uganda lililoshika eneo lile, mamia ya watu waliuawa kwa siku chache kwa kudaiwa kuwa wachawi. Hawakuuawa na kundi la wageni kutoka mbali. Waliuawa na watu wa vijiji vyao. Wengi wetu tulisikia habari hiyo, wengine tuna jamaa kule, lakini ni makanisa mangapi yaliyokaa chini kuuliza: waumini wetu walikuwa wapi siku zile? Miaka 20 baadaye, Septemba 2021, habari zilitoka Kivu ya Kusini kwamba wanawake 8 walichomwa moto au kuuawa na makundi ya watu ndani ya mwezi mmoja kwa dai lile lile, na wengi wa walioshitakiwa katika maeneo yale walikuwa wazee. Huko Tanzania, upande wa Shinyanga na Mwanza, vikongwe waliuawa kwa miaka mingi kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu huo ulitoka katika moshi wa jiko walilopikia maisha yao yote.

Tukubali pia sehemu yetu. Katika habari za Kivu walitajwa watu wa vyumba vya maombi waliodai kufunuliwa majina ya wachawi. Hapa kwetu pia, nabii akisema katika mkesha kwamba «kuna bibi katika nyumba hii anayefunga riziki yenu», yeye hurudi nyumbani kulala. Bibi ndiye anayebaki na nyumba ile. Kuanzia siku hiyo chakula chake kinawekwa mbali, watoto wanakatazwa kumkaribia, na mtoto mmoja akiugua malaria, panga linatafutwa. Aliyelitaja jina hakushika panga, lakini alionyesha njia.

Na kuna wagonjwa wa akili wanaofungwa mnyororo wakisubiri kuombewa. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba watu wenye magonjwa ya akili hufungwa minyororo katika nchi kama 60, na kati ya mahali hapo ni makambi ya maombi. Maombi kwa mgonjwa ni wajibu wetu, na hatutaacha. Lakini mnyororo, kufungishwa kula kwa nguvu na fimbo ya kutoa pepo ni mateso, hata kama wimbo unaimbwa juu yake. Mgonjwa aombewe, na apelekwe kwa daktari.

Kupatanisha si kuripoti

Neno tunalotaka kulisema wazi kuliko yote ni hili. Kanisa letu linapenda upatanisho, na katika mkoa uliomwaga damu nyingi hivi, hiyo ni zawadi. Wazee wa kanisa wamezima mioto mingi ambayo ingekuwa vita. Lakini njia ile inayofaa kwa ndugu wawili wanaogombania mpaka wa shamba haifai kwa mtu anayepigwa na yule anayemlisha.

Fikiria jinsi inavyokwenda. Habari inafika kwa wazee wa kanisa. Wanaita pande mbili katika chumba kimoja. Mzee anaulizwa aseme mbele ya mjukuu anayeshika ufunguo wa chumba chake. Anasema kidogo, au anakataa kabisa. Mjukuu anaomba msamaha, machozi yanatoka, mikono inashikwa, mchungaji anaomba. Watu wanarudi nyumbani wakisema Mungu ametenda. Na yule mzee anarudi wapi? Anarudi nyuma ya mlango ule ule, na mtu yule yule, ambaye sasa anajua kwamba alishitakiwa. Upatanisho wa kweli unahitaji watu wawili ambao kila mmoja anaweza kusema hapana. Pasipo hiyo, tunamrudisha kondoo kwa aliyemjeruhi na kumwambia asamehe.

Kwa ubakaji, hata sheria imekataa njia hiyo. Sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006, namba 06/018 na 06/019, zilibadilisha kanuni ya adhabu na mwenendo wa kesi. Kesi ya ubakaji haiwezi kumalizwa polisi kwa kulipa faini. Mbuzi na dolari zinazotolewa kwa familia hazifuti kosa. Ofisa wa polisi wa upelelezi akipokea kesi hiyo anapaswa kumjulisha mwendesha mashtaka ndani ya saa 24. Adhabu ya ubakaji ni kifungo cha miaka 5 hadi 20, na kiwango cha chini kinaongezwa maradufu kama aliyebakwa ni mtu mwenye ulemavu. Kinaongezwa vile vile kama mtendaji ni mtumishi wa dini aliyetumia cheo chake. Wachungaji wenzetu, tumetajwa ndani ya sheria. Tusiseme hatukujua.

Kuna mengine ya kujua. Katiba ya 2006, kifungu 49, inawapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya ulinzi wa pekee. Mwaka 2022, tarehe 3 Mei, nchi ilipata sheria namba 22/003 ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Sheria ya 2009 ya kulinda watoto inakataza wazi kumshitaki mtoto kuwa mchawi. Kwa mtu mzima sheria inapita njia nyingine: kanuni ya adhabu inaadhibu anayemharibia mtu heshima yake hadharani kwa kumtwika jambo baya, na inaadhibu majaribio ya kishirikina, kama kumnywesha mtu dawa ili ijulikane kama ni mchawi. Inaadhibu pia anayeacha kwa kusudi kumsaidia mtu aliye hatarini wakati angeweza kumsaidia bila kujihatarisha. Huyo wa mwisho anaweza kuwa jirani. Anaweza kuwa mzee wa kanisa.

Hatua kwa hatua: tukisikia, tufanye nini?

Tumejifunza haya kwa makosa yetu wenyewe, na kwa kuwauliza watu wa afya na wa sheria.

Kwanza, sikiliza mtu akiwa peke yake. Mmoja azungumze na jamaa nje, mwingine akae na mhusika. Akae mwanamke na mwanamke, na lugha iwe ile anayoielewa. Uliza maswali rahisi: Unalala vizuri? Nani anakupa chakula? Kuna mtu unayemwogopa? Usimtie maneno kinywani. Usimwambie «sitamwambia mtu». Mwambie kwamba utawaambia wale tu wanaoweza kusaidia.

Pili, andika. Tarehe, mahali, maneno yake kama alivyoyasema, na ulichokiona kwa macho. Usiandike unachodhani. Karatasi hiyo isitembee katika WhatsApp ya kwaya.

Tatu, pima hatari. Kama maisha yako hatarini leo, kwa mfano kundi linakusanyika kumtafuta «mchawi», ondoa mtu kwanza, maneno baadaye. Mpeleke mahali salama, mjulishe chefu wa kartie na polisi. Usimpige mtuhumiwa wala kuita vijana wampige. Tukifanya hivyo tumehama upande.

Nne, kama ni ubakaji, hospitali ndiyo ya kwanza, na mbio. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hufaa zikianzwa ndani ya saa 72. Dawa ya kuzuia mimba ina muda wake pia, siku zisizozidi 5. Asioge kabla ya kuonwa na daktari kama inawezekana, na nguo zihifadhiwe katika karatasi, si katika mfuko wa plastiki. Daktari huandika cheti kitakachosimama mahakamani. Hapa Bunia kituo cha Karibuni wa Mama cha shirika la SOFEPADI kinajulikana kwa kazi hiyo, na hospitali zetu nazo hupokea. Saa 72 zikipita, aende vile vile. Matibabu mengine bado yapo.

Tano, mwulize anataka nini. Mtu mzima mwenye akili timamu hapotezi haki ya kuamua kwa sababu ni mzee au kipofu. Anaweza kukataa kwenda polisi na akapenda tu kuhamia kwa binti yake. Tumheshimu. Lakini kama hawezi kuamua, kama maisha yake yako hatarini, au kama mtendaji anaweza kuwaumiza wengine, hatuwezi kukaa kimya kwa kisingizio cha heshima.

Sita, peleka mahali panapohusika. Kosa la jinai ni la polisi na parke. Mambo ya matunzo na makao yafike pia kwenye ofisi ya Mambo ya Kijamii ya mkoa. Mjane anayefukuzwa atafute mwanasheria. Chama cha mawakili kina utaratibu wa ushauri wa bure kwa wasio na uwezo. Kama anayeomba ngono au pesa ni mfanyakazi wa msaada, kila shirika linalogawa msaada linapaswa kuwa na njia ya kupokea malalamiko, na kamati ya kambi iulizwe njia hiyo iko wapi.

Tunajua pingamizi. Polisi wataomba pesa ya mafuta ya moto. Tangu Mei 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi, na watu wengi hawajui tena mlango gani wa kubisha. Aliyeripoti anaogopa kisasi. Ni kweli yote hayo, ndiyo maana hatumtumi mjane peke yake. Aende na watu wawili wa kanisa, na jina la kanisa liandikwe kwamba linafuatilia. Faili linalofuatiliwa na watu wawili kila juma halipotei kirahisi kama lile lililoachwa.

Na kama ni mmoja wetu?

Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyopiga Kivu ya Kaskazini na Ituri, watu waliokuja kuokoa maisha waliwadai wanawake ngono ili wapate kazi. Tume huru iliyochunguza ilitoa ripoti yake Septemba 2021. Ilitaja watuhumiwa 83, kati yao 21 waliokuwa wameajiriwa na OMS. Mmoja wa wenyeviti wawili wa tume hiyo alikuwa mama Julienne Lusenge wa SOFEPADI, ambaye kazi yake inajulikana hapa Bunia. Kama shirika lenye madaktari, magari na sheria zilizoandikwa lilianguka hivyo, sisi ni nani kusema kwetu haiwezekani?

Ndugu zetu Waanglikana wa Uingereza waliipata hukumu yao Novemba 2024. Uchunguzi ulionyesha kwamba John Smyth, mwanasheria aliyeongoza makambi ya vijana Wakristo, aliwapiga na kuwatesa wavulana na vijana zaidi ya 100, huko Uingereza na baadaye Afrika. Viongozi walijua sehemu ya mambo hayo tangu miaka ya 1980 na wakanyamaza ili kazi ya Injili isichafuke. Smyth alikufa mwaka 2018 huko Cape Town bila kufikishwa mahakamani. Askofu Mkuu Justin Welby, aliyejulishwa mwaka 2013, alijiuzulu kwa sababu habari haikufuatiliwa mpaka mwisho. Hakushitakiwa kwamba alimgusa mtu. Aliangushwa na ripoti ambayo haikusimamiwa.

Kwa hiyo kila kanisa la mahali liamue mapema, kabla jambo halijatokea: kama mtuhumiwa ni mchungaji, nani anapokea habari? Haiwezi kuwa mchungaji yule yule, wala mke wake, wala mzee anayekula naye. Majina mawili yatangazwe, moja likiwa la mama, na njia ya kufika kwa mwakilishi wa sheria wa jumuiya iwe wazi. Na jinai iende serikalini siku ile ile, bila kusubiri halmashauri ikutane.

Kanisa lililosikia malalamiko

Wako watakaosema kuripoti ni kuvua nguo kanisa. Tuwarudishe kwenye Matendo ya Mitume, sura ya 6. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa changa, lina maadui, na ndani yake yakatokea manung'uniko: wajane wa upande mmoja wa lugha walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mambo yote tunayoyajua Ituri yalikuwemo: msaada, lugha, kabila, wanawake wasio na mtetezi. Mitume hawakusema ni uchochezi. Hawakuwaambia wajane wafunge na kuomba. Waliita kanisa lote, wakachagua watu saba, na majina yao yakaandikwa. Na ukitazama majina hayo, yote ni ya Kiyunani, kama lugha ya wale waliolalamika. Huduma ya ushemasi tunayojivunia ilizaliwa na ripoti juu ya wajane.

Yule mama wa Lumumba sasa anakaa kwa binti yake mdogo, upande mwingine wa mji. Chefu wa kartie alisimamia mazungumzo, kadi ilibadilishwa mshikaji, na mama mwenyewe ndiye aliyekataa kumpeleka mjukuu polisi. Pesa za miezi iliyopita hazikurudi. Mjukuu hatujamwacha, kijana asiye na kazi naye ni kondoo, ila hatalindwa kwa gharama ya nyanya yake.

Tunaomba kila kanisa linalosoma haya lifanye mambo matatu kabla ya mwezi kwisha. Andikeni orodha ya watu wazima wanaotegemea wengine katika eneo lenu, wa kanisa na wasio wa kanisa. Chagueni watu wawili wa kupokea habari na mtangaze majina yao mbele ya ushirika. Na katika kila ziara, mmoja wenu akae na mwenyeji peke yake, amwulize yeye mwenyewe, kisha asubiri jibu. Baada ya hapo ombeni.